Mafuvu mawili na mfuko wa mifupa: yupi ni kobe, yupi ni kasa?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nikisafisha kabati la maabara nimekuta boksi lenye mafuvu mawili na mfuko wa mifupa ya miguu, lebo zote zimeliwa na mende. Fuvu kubwa linajaa kiganja, na nyuma ya macho limefunikwa na mfupa moja kwa moja hadi kisogoni. Dogo ni kama limau, lina uwazi mkubwa nyuma ya macho na mwiba mrefu kisogoni, na kwenye taya la juu kwa ndani kuna matuta. Mfukoni kuna vidole vifupi vinene, na vingine virefu kama vijiti. Mwenzangu anasema lenye uwazi ni la kasa, eti limepunguzwa uzito ili aelee. Mimi nadhani ni kinyume. Nani yuko sahihi? Na wanafunzi niwaonyeshe nini waone tofauti wenyewe, wasikariri tu?"

Marahaba, Mwalimu. Wewe ndiye uliyepatia. Fuvu lililofunikwa ni la kasa, na lile lenye uwazi, kwa jinsi ulivyolieleza, lina dalili zote za kobe wa nchi kavu. Lakini usiandike lebo bado. Kuna jambo moja la kukagua ndani ya fuvu dogo, kwa sababu kobe wa maji matamu naye anaweza kuwa na uwazi wa namna hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuliita fuvu la kobe wa maji "kobe wa nchi kavu" kwa miaka miwili, likiwa rafuni mbele ya kila mtu, mpaka mwanafunzi mmoja alipoingiza kidole ndani na kuniuliza, "Mbona hili bonge liko hapa na siyo pale?" Hilo bonge ndilo nitakalokuonyesha.

Kwanza nikupe mwongozo ninaoutumia nikiwa na mifupa isiyo na jina mezani. Mguu hunieleza mnyama aliishi wapi. Fuvu hunieleza alikula nini na ametoka ukoo gani. Mwenzako aliuliza fuvu swali la mguu, yaani kuelea na kuogelea, ndiyo maana likampa jibu la uongo.

Chukua fuvu kubwa, ligeuze kisogo kikuelekee, umulike kwa tochi. Katikati utaona tundu dogo la mviringo, unamopita uti wa neva kutoka kwenye ubongo. Kulia na kushoto kwa tundu hilo kuna mapango mawili makubwa yanayokwenda mbele mpaka karibu na macho. Waulize wanafunzi ubongo ulikaa wapi. Karibu wote watayaonyesha mapango. Sivyo: ubongo ulilala ndani ya mfereji mwembamba uliopo katikati, na mapango yale yote yalijaa nyama, yaani misuli ya kufungia taya. Kwa hiyo fuvu la kasa lina paa mbili. Moja ni ya chini, inayofunika ubongo. Ya pili ni pana, imejengwa juu yake na kuifunika misuli, kama kibaraza kilichoezekwa kuizunguka nyumba.

Sasa weka lile dogo kando yake, katika mkao uleule. Ile paa ya pili haipo tena. Imeliwa kuanzia nyuma, ikasogea mbele mpaka umebaki utepe mwembamba wa mfupa nyuma ya jicho, kama mkono wa kikapu. Mapango ya misuli yako wazi juu. Ule mwiba wa kisogoni ni ukingo wa mfupa ambao misuli ya taya na ya shingo hujishika. Mnyama akiwa hai huoni uwazi wowote, kwani umejaa nyama na kufunikwa na ngozi na magamba. Ndiyo maana watu waliofuga kobe miaka mingi hushtuka wakiliona fuvu lake.

Kwa nini pawe na uwazi? Msuli ukijikaza hunenepa, na uwazi huupa nafasi ya kutuna. Pia ukingo wa mfupa ni mahali pazuri pa kano kujishikiza kuliko bapa laini. Na kuna suala la shingo: kobe anayerudisha kichwa ndani ya gamba anahitaji misuli mirefu ya shingo inayoshika nyuma ya fuvu, na wataalamu wengi huhusisha uwazi huo na kazi hiyo. Kasa hawezi kuingiza kichwa chake. Muda wote kiko nje, basi paa nzima ya mfupa inamfaa kama kofia ya chuma, na upande wake wa ndani misuli ya taya hupata pa kujishika. Usiwafundishe kama sheria isiyovunjika, lakini. Yupo kobe wa maji wa Marekani, Macrochelys temminckii, mwenye kichwa kikubwa kisichoingia vizuri ndani ya gamba, na paa yake imeliwa kidogo tu ingawa habari za bahari hazijui.

Hapa wanafunzi wako wenye akili za udadisi watakuuliza: kama mijusi na mamba wana matundu kwenye panja, mbona kobe hana? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba kobe ni masalia ya watambaao wa kale kabisa, waliokuwepo kabla matundu hayajazuka. Vinasaba vimelikataa jibu hilo. Vinawaweka kobe na kasa karibu na mamba na ndege, ambao ukoo wao ulianza na matundu mawili kila upande. Mwaka 2015 kikaelezwa kisukuku cha Ujerumani kiitwacho Pappochelys, chenye umri wa miaka kama milioni 240, ambacho kina mbavu zilizoanza kutanuka kuelekea kuwa gamba na bado kina matundu ya panja. Yaani mababu walikuwa na madirisha, yakazibwa, kisha vizazi vya baadaye vikaanza kuubomoa ukuta kutokea pembeni. Uwazi wa fuvu lako dogo ni ubomoaji huo wa pili. Hauna uhusiano na dirisha la kale.

Sasa lile bonge. Kobe wote wa leo wana tatizo moja: chumba cha sikio kimevimba mno ndani ya fuvu, kikakaa katikati ya njia ya msuli wa taya. Msuli unaotoka kisogoni kwenda taya la chini hauwezi kunyooka. Lazima upinde kona, kama kamba inavyopinda juu ya kapi. Kwa kobe wa nchi kavu, kwa kasa, na kwa kobe wengi wa maji matamu, kapi hilo ni uvimbe ulio kwenye ukuta wa mbele wa chumba chenyewe cha sikio. Kwa kobe wale wanaolaza shingo ubavuni badala ya kuirudisha moja kwa moja nyuma, kapi liko kwingine: ni bawa la mfupa linalotokeza kando kutoka kwenye mifupa ya kaakaa, mbele zaidi na chini zaidi. Mbinu mbili za kutatua shida moja. Pitisha kidole cha mwisho kwenye uwazi wa fuvu dogo, ukishuka kutoka juu. Ukigusa bonge kwenye chumba cha sikio, na mbele yake njia ya kushukia iko wazi, endelea na wazo lako la kobe wa nchi kavu. Ukikutana na bawa limekaa kama rafu kutoka upande wa kaakaa, hilo ni la kobe wa maji wa ukoo wa Pelomedusa au Pelusios, ambao Afrika inao tele, na mimi na wewe tutakuwa ndugu katika aibu.

Yale matuta uliyoyaona ndani ya taya la juu yananipa moyo. Kobe na kasa wote wa leo hawana meno. Wana mdomo mgumu wa keratini (dutu ileile ya kucha) uliovikwa juu ya mfupa, kama wa ndege. Mara nyingi ganda hilo hubanduka mifupa inapokauka, lakini mfupa wa chini huhifadhi ramani yake. Kobe wa nchi kavu hula majani magumu, na matuta yanayokwenda sambamba na ukingo wa taya, yakipokewa na mfereji wa taya la chini, humsaidia kukata na kusaga kidogo. Uso wake ni mfupi na umesimama. Ulimi wake ni mnene, na huutoa kugusa jani kabla taya halijalifunga. Kobe wa majini hafanyi hivyo. Yeye hupanua koo ghafla, maji yakaingia na chakula kikafuata, ndiyo maana mifupa ya ulimi wake ni mikubwa na imara ilhali ulimi wenyewe ni mdogo. Ukikuta kwenye boksi lako mifupa miwili mirefu iliyopinda kama pembe na huijui ni ya wapi, huenda imetoka kooni.

Kwa kasa, mdomo ndio utakaokupa jina la spishi. Angalia taya la chini la fuvu kubwa. Ukingo ukiwa na meno meno kama msumeno, ni kasa wa kawaida, Chelonia mydas, anayekata nyasi za bahari na mwani. Mdomo ukiwa mwembamba uliochongoka kama wa ndege, ni ng'amba, ambaye huupenyeza kwenye nyufa za matumbawe kung'oa sifongo. Fuvu likiwa pana kupita kiasi, na bapa la mfupa mdomoni lenye unene wa kuvunjia, fikiria duvi, Caretta caretta, mponda konokono na kaa. Noa, yule mkubwa mwenye ngozi badala ya magamba, ana taya jepesi lenye ncha mbili mbele kwenye la juu, basi. Yavuyavu haihitaji kusagwa. Kazi yote imehamia kooni kwake, ambako kuna miiba laini iliyoelekea tumboni ili kilichoingia kisirudi nje na maji.

Jambo moja dogo kuhusu macho, kwa sababu wanafunzi hulipenda. Matundu ya macho ya kasa ni makubwa, lakini jicho halikuwa peke yake humo. Nyuma yake ilikaa tezi ya kutolea chumvi, kubwa kuliko ubongo wake. Anakunywa maji ya bahari, chumvi inatoka kama machozi mazito. Wale wanaosema kasa hulia akitaga wanaona kitu cha kweli, ila halii kwa uchungu. Hata akiwa chini ya maji tezi inafanya kazi, tatizo hakuna anayeona. Kobe wa nchi kavu hana tezi ya ukubwa huo.

Tuje kwenye mfuko. Hapa sitakuficha, mguu wa kobe ndio mfupa ninaoupenda zaidi, na watu wengi huupita kwa kusema "kama wa tembo" wakaishia hapo. Mimina mifupa juu ya kitambaa cheusi na uitenge: vifupi huku, virefu kule. Chukua vile vifupi na ujaribu kupanga kidole kimoja kimoja kutoka kwenye ukucha kurudi nyuma. Hesabu pingili, ukiwemo ule mfupa wa ndani ya ukucha. Kobe wa nchi kavu hazidishi pingili mbili kwenye kidole chochote, mbele au nyuma. Kobe wa maji matamu kwa kawaida ana mbili kwenye gumba na tatu kwenye vidole vya kati. Hiki ni kipimo bora kuliko umbo la nje. Hata mguu mkavu uliosinyaa, ukipigwa eksirei, hujibu papo hapo.

Kisha hesabu kucha. Mguu wa mbele wa kobe wa nchi kavu huwa na tano kwa spishi nyingi, ingawa kobe wa Asia ya Kati, Testudo horsfieldii, ana nne tu. Wa nyuma huwa na nne, na kidole cha tano kimebaki kipande cha mfupa kilichofichwa ndani ya ngozi, hakitokezi. Kama ule wa nyuma una kucha tano kamili, turudi kwenye fuvu dogo tuanze upya, maana Pelomedusa na Pelusios wana tano.

Ili waone mkao wake, waambie wanafunzi waweke mikono mezani, ncha za vidole tu ziguse, kifundo kikiwa juu na kiwiko kimetoka nje. Hivyo ndivyo kobe wengi wa nchi kavu wanavyosimama mbele, juu ya kucha. Mguu wa nyuma hukanyaga kwa upana zaidi, una kisigino chenye kifurushi cha nyama na ngozi ngumu, na huo ndio kweli unaofanana na wa tembo. Mfupa wa mkono wa juu umepinda kama upinde, kwa sababu lazima utoke kwenye bega lililo ndani ya mbavu, jambo ambalo hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo analo, uzunguke ukingo wa gamba, kisha ushuke chini kubeba uzito. Ukiupata mfupa huo uweke wima mbele ya darasa. Halafu uweke wa kasa kando yake: huo ni bapa, umenyooka, na vishikizo vya misuli vimehama kutoka mahali pake pa kawaida. Huo haubebi mtu. Unasukuma maji.

Kilichofanyika kwenye kasia la kasa hunishangaza hata leo. Pomboo na nyangumi walipotengeneza mapezi, waliongeza pingili nyingi vidoleni. Kasa hakuongeza. Hesabu vile vijiti vyako, utakuta idadi ya pingili karibu ni ileile ya kobe wa kawaida wa maji. Alichofanya ni kurefusha kila moja na kuvifunga vidole ndani ya ngozi moja ngumu isiyokunjuka. Mifupa miwili ya sehemu ya chini ya mkono ni mifupi na imeshikana mno, haiwezi kugeuka. Ndiyo sababu mkono mzima unakuwa ubao mmoja. Aliyeongeza pingili ni kobe mwenye gamba laini, wa ukoo wa Trionyx, kwenye kidole cha nne na cha tano, na yeye wala hana kasia: ana mguu wenye utando mpana na kucha tatu tu. Jina lake la kisayansi maana yake ni hiyo hiyo, kucha tatu.

Kasa hakupoteza kucha zote. Kasa wa kawaida hubaki na moja kwenye kila kasia, ng'amba ana mbili, noa hana kabisa. Kwa hiyo kama taya limekuambia ni kasa wa kawaida, tafuta mfupa mmoja tu wenye ncha ya ukucha miongoni mwa vijiti. Majini hupiga makasia ya mbele yote mawili kwa pamoja, kama ndege anayepaa, na ya nyuma huwa usukani. Kobe wa mtoni yeye hukanyaga maji, mguu huu halafu ule. Ufukweni tofauti hujitokeza tena: kasa wa kawaida na noa hujivuta kwa mikono yote miwili kwa mara moja, nyayo zao zikalingana kulia na kushoto, ilhali ng'amba na duvi hupishanisha.

Ila mguu usikuchanganye kuhusu ukoo. Katika mito ya New Guinea na kaskazini mwa Australia yuko kobe mwenye pua kama ya nguruwe, Carettochelys insculpta, ana makasia kamili kama kasa, na bado ni jamaa wa karibu wa wale wenye gamba laini, hana undugu wa karibu na kasa. Amerika Kaskazini yuko Terrapene, anaishi msituni, gamba limetuna kama la kobe wa nchi kavu, lakini ni wa ukoo wa kobe wa madimbwini. Mguu unasema ukweli juu ya makazi ya hawa wote wawili. Ukiuuliza habari za baba na babu, utakudanganya.

Mguu na fuvu la kobe wa nchi kavu hukutana mahali pamoja ambapo ni rahisi kuonyesha kwa kobe aliye hai. Mshtue kidogo. Kichwa kitaingia, halafu miguu ya mbele itafuata na kuziba mlango, viwiko vikikaribiana mbele ya pua. Magamba mazito yaliyo upande wa mbele wa mikono hiyo, ambayo kwa spishi kadhaa yana vipande vya mfupa ndani yake, ndiyo mlango wenyewe. Kasa, ambaye mikono yake haikunjiki hivyo, alilazimika kukaa na paa ya mfupa juu ya kichwa.

Swali la mwisho ambalo hukuuliza, lakini darasa litauliza: shimo la mayai huchimbwa na miguu ipi? Watakuambia ya mbele. Wote wawili, kobe kwa miguu yake ya nguzo na kasa kwa usukani wake, huchimba kwa miguu ya nyuma, bila kuona wanachofanya. Kasa hukunja ncha ya kasia la nyuma kama upawa, huchota mchanga, huuweka kando, kisha hubadilisha mguu. Miguu ya mbele ya kasa hufagia tu mahali pa kulala kabla ya hapo.

Kuhusu lebo: ukishamaliza kidole chako cha mwisho na hesabu ya pingili, andika "kobe wa nchi kavu" kwenye fuvu dogo na uache spishi wazi mpaka unitumie picha ya kaakaa na ya juu. Kwenye kubwa andika jina ambalo taya litakupa. Na kwa kuwa spishi zote saba za kasa zimo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, waandikie watu wa wanyamapori kwamba fuvu hilo liko shuleni na lilikutwa kabatini, kabla mtu mwingine hajaliona na kuuliza. Picha ya kaakaa ipige kukiwa na mwanga wa pembeni, siyo wa juu, matuta yapate kivuli.